Mama watoto anaingia chumba cha upasuaji, nyumba inanitazama mimi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mke wangu aliugua saratani ya matiti, akatolewa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani. Wakati huo binti yetu mkubwa alikuwa darasa la sita, kaka yake darasa la pili, na kitinda mimba alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Tunaishi Dar es Salaam, nyumba ya kupanga. Mimi ni mtunza stoo, yeye alikuwa anauza vitumbua asubuhi.

Tangu tulipopita hapo, simu yangu haikauki maswali. Mtu kapewa namba na shemeji yake, mwingine tulikaa benchi moja kliniki. Wengi hawaniulizi habari za saratani. Wananiuliza watoto wawaachie nani, bosi wamwambieje, na yule shangazi aliyekuja na mabegi mawili ataondoka lini. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie kila siku. Ni majibu ya mume aliyeuguza, si ya daktari. Penye mambo ya tiba nimeandika tulivyoelekezwa, na daktari wenu akisema vingine, mfuateni yeye. Akina mama wanaouguza waume zao nao watapata lao humu.

Tumeambiwa jana tu. Nianze na nini?

Nunua kauntabuku. Ile ngumu, isiyochanika. Upande wa mbele andika hospitali, ligeuze, upande wa nyuma andika nyumba.

Upande wa hospitali, mkionana na daktari wa upasuaji muulizeni mambo manne: anaanza na upasuaji au na kemo, yaani zile dawa kali za saratani? Anatoa titi zima au uvimbe tu? Atalazwa siku ngapi? Atarudi nyumbani na mrija wa kutoa maji ya kidonda? Hayo manne ndiyo yanayopanga maisha yenu, hasa hilo la kwanza. Uvimbe ukiwa mkubwa, mara nyingi hutangulizwa dawa miezi kadhaa ili usinyae, ndipo kisu kifuate. Mimi sikuuliza. Nilikimbilia kazini kuomba ruhusa ya wiki mbili siku ile ile, nikapewa, kumbe upasuaji ulikuwa bado miezi mitano. Wiki mbili nilishinda nyumbani nikimtazama mgonjwa wangu akikaanga vitumbua kama kawaida na kunifukuza jikoni.

Upande wa nyumba ni mrefu zaidi kuliko unavyodhani. Kaa naye jioni moja, redio zima, mwambie akusimulie siku yake tangu anapofungua macho. Mimi nilijua tuna watoto watatu na kodi ya nyumba. Sikujua kwamba maji yanatoka usiku wa Jumanne na Ijumaa tu, na asiyeamka kukinga atanunua madumu. Sikujua kwamba yule wa darasa la pili akila maharage ya shule anaumwa tumbo, kwa hiyo hubeba kiporo. Sikujua kwamba mtoto mdogo halali bila kanga moja ya kijani iliyochakaa, na kwamba kanga hiyo hufuliwa mchana tu ili ikauke kabla ya magharibi. Na nauli za watoto, ambazo miaka yote niliamini natoa mimi, zilikuwa zinatoka kwenye kopo la vitumbua. Nilijaza kurasa tisa. Nyumba nzima ilikuwa imekaa kichwani mwake, na kichwa hicho kilikuwa kinakwenda kupigwa nusukaputi.

Mbona tunatumwa huku na huku? Mara Ocean Road, mara Muhimbili?

Si lazima muwe mnazungushwa. Ocean Road, taasisi ya saratani, inajulikana zaidi kwa mionzi na kemo, na wagonjwa wengi wa Dar es Salaam hufanyiwa upasuaji Muhimbili au hospitali nyingine kisha hurudi Ocean Road kuendelea. Kwa hiyo mnaweza kuwa na mafaili mawili, kliniki mbili na madaktari wawili. Piga nakala ya kila karatasi, na majibu ya kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, piga nakala tatu. Kanda ya Ziwa wengi huenda Bugando, Mwanza. Watu wa Kaskazini huenda KCMC, Moshi. Anayetoka mbali ajue jambo moja: upasuaji si safari moja. Kuna kuja kliniki, kuja kulazwa, kuja kutolewa mrija, kuja kuchukua majibu. Kabla ya kukata tiketi ya basi, tafuta kwanza ndugu mwenye chumba karibu na hospitali, na mwambie ukweli kwamba ni wiki kadhaa, si siku mbili.

Watu wanasema saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Ni kweli?

Hili nimeulizwa kuliko yote, na kwa sauti ya chini. Hapana. Kisu hakiisambazi. Ninachoelewa mimi ni kwamba imani hii imezaliwa na kuchelewa. Watu wanakwenda hospitali titi limeshatoa kidonda, ugonjwa umeshafika kwenye mapafu au mifupa, wanapasuliwa, na baada ya miezi wanafariki. Mtaa unakumbuka kisu, hausemi ile miaka miwili ya kuzunguka na chupa za mizizi. Baba yangu mdogo alikuja na chupa yake, tukaipokea kwa heshima, tukaiweka kabatini. Dawa zote za kienyeji mwambieni daktari, hata zile za kunywa na chai, kwa sababu baadhi hufanya damu isigande vizuri, na siku ya upasuaji hilo si jambo dogo.

Watoto tuwaambie nini?

Waambieni. Najua sisi hatujazoea. Tulilelewa na watu waliokuwa wananong'ona "mama yako kasafiri", na mtoto anajua kabisa mama hajasafiri kwa sababu viatu vyake viko mlangoni.

Sisi tulikosea mara ya kwanza. Tulisema "mama ana kidonda kidogo". Wiki hiyo hiyo yule wa darasa la pili alianguka akachubuka goti, akalia usiku kucha, hataki kuoga, hataki kuguswa. Kwake kidonda kidogo maana yake ni kulazwa. Ilibidi tukae naye upya, tulitaje lile jina. Tukamwambia kuna uvimbe mbaya kwenye titi la mama, unaitwa saratani, madaktari watautoa, mama atalala hospitali, atarudi amechoka na hataweza kumbeba mtu kwa muda. Hauambukizi. Hakuna aliyeusababisha, hata yule aliyekuwa anapiga kelele mama akilala mchana. Hilo la mwisho mliseme hata kama hawajauliza, kwani watoto huamini kwamba wao ndio chanzo.

Swali ambalo nilikuwa naliogopa lilitoka kwa binti: "Atakufa?" Mama yake alijibu mwenyewe, mimi nikiwa nimeinamia daftari. Alisema: "Natibiwa ili nisife. Kukiwa na jambo jingine nitakwambia mimi, hutalisikia kwa jirani." Sijapata kusikia jibu bora zaidi, na sidhani kama ningelitunga.

Mtoto wa miaka miwili huwezi kumweleza. Yeye mzoeshe tu mapema. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, nilianza mimi kumwogesha na kumlaza, mama yake akiwa chumba cha pili kajizuia kuja. Siku tatu za kwanza alinililia kama mtu aliyeibiwa. Ya nne akaniletea kanga ya kijani mwenyewe.

Mwalimu wa darasa naye apewe taarifa. Si shule nzima, mwalimu wa darasa tu. Mtoto akichelewa, akisinzia au akikosa daftari, angalau kuna mtu mzima pale anayejua kwa nini.

Nani alale hospitali?

Kama mgonjwa ni mkeo, huenda si wewe. Wodi ya wanawake kwa kawaida mwanaume haruhusiwi kulala humo. Unaingia saa za kuona wagonjwa na kengele ikilia unatoka. Ulizeni mapema, maana kila wodi ina utaratibu wake, na wodi nyingine hazimtaki ndugu yeyote usiku. Kama wanaruhusu, chagueni mwanamke mmoja ambaye mgonjwa mwenyewe anamtaka. Nasisitiza, mwenyewe. Dada yangu alijitolea kwa moyo mmoja, lakini mke wangu alimtaka mdogo wake. Kuna mambo ya kuoshwa na kubadilishwa nguo ambayo mtu hapendi yashuhudiwe na wifi. Nilimpa dada yangu kazi ya kupeleka chakula cha mchana, na heshima ikabaki.

Cha kubeba: kanga tatu, gauni au blauzi inayofunguka mbele (mkono hautapanda juu kuvaa fulana), ndala, sabuni, beseni dogo, chaja, hotipoti mbili ili moja ikirudi nyumbani nyingine ibaki, na ile kauntabuku.

Kazini sheria inasemaje?

Hapa wengi hushtuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wako. Kwa mwenzi wako inataja kifo. Ugonjwa wa mwenzi haumo. Nilisoma kifungu hicho mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Kwa hiyo utabaki na likizo yako ya mwaka, siku 28 mfululizo, na busara ya mwajiri. Ushauri wangu ni kuikata vipande. Usichukue zote siku ya upasuaji. Akiwa wodini anaangaliwa na manesi. Anayekuhitaji zaidi ni yule aliyerudi nyumbani na mrija, na baadaye yule anayeanza kemo. Mimi nilichukua siku tatu za hospitali, siku kumi za nyumbani, nyingine nikazibakiza. Mwombe bosi kwa barua, ukiambatisha karatasi ya kulazwa, na umweleze utaratibu unaoutaka badala ya kumwachia yeye afikirie: "naomba niwe natoka saa nane kwa wiki mbili, nitaingia saa moja asubuhi". Bosi wangu wa wakati huo hakuwa mtu wa huruma, lakini alikuwa mtu wa ratiba, na ratiba nilimpa.

Kama mgonjwa mwenyewe ameajiriwa chini ya sheria hiyo, ana haki ya siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari kisikosekane. Kwa muuza vitumbua hakuna sheria. Siku asiyokaanga, hakuna hela.

Basi hela zinatoka wapi?

Kama mna bima, nenda dirisha la bima kabla ya kulazwa, uliza nini kinalipiwa na nini mtanunua wenyewe. Usisubiri kuambiwa siku ya kuruhusiwa. Kama hamna, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ipo, ingawa mlango wake huwa hauna bango kubwa.

Michango ya kifamilia ina kanuni moja: mweka hazina asiwe wewe. Mpeni mtu mwingine, mwenye roho ngumu kidogo na simu isiyoisha chaji. Sisi tulimpa binamu yangu ambaye huandika kila shilingi kwenye kundi la WhatsApp, hadi ya nauli ya bajaji. Ilinisaidia kwa sababu sikuhitaji kumshukuru kila mtu kila siku huku nikihesabu dawa.

Halafu kuna hela ambayo hakuna anayeichangia. Watu watatoa kwa ajili ya upasuaji, neno hilo linatisha. Nauli ya daladala ya watoto, mkaa, pampasi, hivyo havimtishi mtu. Nilimwambia binamu wazi: fungu moja liwe la hospitali, jingine la nyumba. Kuna waliong'aka. Walitulia nilipowaonyesha kurasa za nyuma za daftari.

Tumeambiwa tulete ndugu wachangie damu. Nani anafaa?

Mwenye afya njema, miaka 18 hadi 65, kilo zisizopungua 50. Mwanaume awe hajachangia ndani ya miezi mitatu, mwanamke minne. Groupu zisifanane si tatizo. Damu inaingia kwenye akiba, mgonjwa anapewa inayomfaa. Asije na njaa. Shemeji yangu alikuja hajala tangu jana yake, akaanguka, tukawa na wagonjwa wawili.

Ndugu wamejaa nyumbani, wanasaidia lakini wananichosha. Nifanyeje?

Pole. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ndiyo dawa yenyewe. "Tupo, ukihitaji chochote sema" haisaidii, kwa sababu wewe huna hata nafasi ya kufikiria unahitaji nini. Fungua daftari, msomee mtu kazi moja, siku na saa. "Mama, wewe uji wa mtoto asubuhi." "Kaka, Jumanne usiku maji." Jirani zetu wa jumuiya walichukua chakula cha jioni cha Jumatatu na Alhamisi, wenzetu wa msikitini wakachukua Ijumaa. Sikupika ubwabwa wa Ijumaa kwa miezi miwili.

Kuna la kukemea, na ulikemee wewe, usimwachie mgonjwa. Shangazi mmoja, mcha Mungu na mwenye nia njema, alikitenga kikombe cha mke wangu. Alikifunga kitambaa chekundu kwenye mpini, akakiweka pembeni ya vingine. Hakuna aliyesema kitu. Jioni nikaona mke wangu anakunywa chai kwenye kikombe cha kitambaa, mkono wake mzima unatetemeka. Nilikifungua kile kitambaa, nikanywea kikombe hicho mimi, kisha mtoto. Shangazi akaelewa. Saratani ya matiti haiambukizi kwa kikombe, sahani, kitanda wala choo.

Siku yenyewe inakuwaje?

Ndefu. Atakatazwa kula chakula angalau saa sita kabla, mara nyingi tangu usiku wa manane. Maji meupe hukatazwa karibu zaidi na muda, fuateni mlivyoambiwa. Hereni, pete, kucha za rangi, vyote vitoke. Pete ya ndoa nilivaa mimi kidole kidogo, haikupita kiungo cha pili.

Kupasuliwa kwenyewe ni kama saa mbili au tatu hivi, lakini aliingia saa mbili asubuhi na nikamwona saa kumi jioni. Katikati kuna kusubiri zamu, kulazwa usingizi, na kuamshwa taratibu. Usianze kuhesabu dakika tangu alipopotelea mlangoni, utaugua wewe. Usiende peke yako. Na watoto wasiwe hapo. Wape ratiba ya kawaida, waende shule. Mimi nilikosa kufikiria jambo moja: simu. Watu arobaini walipiga, chaji ikaisha saa saba, na daktari alipotoka kuniita nilikuwa dukani ng'ambo ya barabara natafuta pa kuchajia. Mpe mtu mwingine kazi ya kujibu simu.

Amerudi na mrija na kichupa. Naogopa hata kukitazama.

Wote tuliogopa. Ni mrija mwembamba unaotoka ubavuni na kuishia kwenye kichupa cha plastiki kinachovuta maji na damu vinavyojikusanya chini ya kidonda. Hukaa wiki moja hadi tatu hivi.

Unanawa mikono kwa sabuni. Unafungua kizibo, unamimina kwenye kikombe chenye alama za mililita, unakiminya kichupa kikiwa wazi hadi hewa itoke, unafunga kikiwa bado kimeminywa. Ukikifunga kimejaa hewa hakivuti kitu. Unaandika tarehe, saa, mililita na rangi. Unamwaga chooni, unanawa tena. Siku za mwanzo ni nyekundu nzito, kisha rangi ya juisi ya ukwaju, kisha njano. Mara nyingi wanautoa ikishuka chini ya mililita 30 kwa siku, ndiyo maana hesabu isiwe ya kukisia.

Sisi tulifanya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, watoto wakiwa wamelala. Siku moja nikageuka nikamkuta binti kasimama mlangoni, kaona kila kitu. Nilitaka kumfukuza. Mama yake akasema mwache. Akaingia, akachukua kalamu, akaandika "45" kwenye daftari kwa mwandiko wake wa darasa la sita. Tangu siku hiyo hesabu za usiku zote ni zake, hadi ile ya mwisho, 20.

Mrudishe hospitali bila kusubiri kliniki akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kikiwa chekundu, cha moto au kikitoa usaha, kichupa kikijaa damu mbichi ghafla, mrija ukichomoka, mguu mmoja ukivimba, au akikosa pumzi. Ganzi ya kwapani na nyuma ya mkono ni kawaida, na inaweza kukaa muda mrefu.

Kazi za nyumbani ataanza lini?

Uliza wanaomtibu, lakini vitu vizito vya mkono ule, ndoo, mtoto, gunia la mkaa, wengi huambiwa wasubiri wiki nne hadi sita. Mazoezi mepesi ya mkono na bega yanaanza siku za mwanzo kabisa, na msiyaonee huruma, bega likikakamaa ni kazi kulirudisha. Akishatolewa tezi za kwapani, mkono huo unaweza kuvimba hata baada ya miaka. Tuliambiwa ulindwe na majeraha na moto. Sasa fikiria mkaanga vitumbua. Alihamia mkono wa kulia, mimi nikawa namimina mafuta, na vitumbua vya mwezi wa kwanza vilikuwa na maumbo ya ajabu. Wateja walinunua.

Majibu ya kinyama yanachukua muda gani, na baada ya hapo?

Hesabu wiki, si siku. Kilichotolewa kinapimwa: kingo zake ziko safi, yaani hazina saratani, tezi ngapi zina ugonjwa, na kama saratani inalishwa na homoni. Hapo ndipo mnaambiwa kinachofuata. Kwa upangaji wa nyumba tofauti ni hii: kemo mara nyingi huja kila baada ya wiki tatu, na siku chache baada ya dozi ndizo ngumu, kwa hiyo ndugu waitwe siku hizo. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Dakika chache mashineni, lakini asubuhi nzima njiani na foleni. Vidonge vya homoni ni vya kila siku, miaka mitano au zaidi, na hivyo havihitaji ndugu, vinahitaji mtu wa kumkumbusha.

Mionzi ile ya mashine ya nje haimfuati nyumbani. Akirudi anaweza kukaa na watoto bila wasiwasi.

Mabinti zetu wako hatarini?

Mwambieni daktari umri wa mgonjwa alipogunduliwa na ndugu wengine waliowahi kuumwa, upande wa mama na wa baba. Dada zake wachunguzwe. Mtoto wa darasa la sita hahitaji kipimo chochote sasa.

Unyumba je?

Wanaume huuliza hili baada ya kuzungumza mpira kwa dakika ishirini. Hakuna ugonjwa utakaoupata. Subirini kidonda kipone na yeye aseme yuko tayari. Wakati wa kemo asishike mimba, na uzazi wa mpango wa homoni, yaani sindano, vipandikizi na vidonge, kwa saratani ya matiti haufai. Mwombeni daktari njia nyingine, kondomu mkiwa mnasubiri.

Zaidi ya hapo, kovu. Wiki nyingi alivaa akiwa amenipa mgongo. Sikusema "kwangu wewe ni yule yule", kwa sababu si kweli na angejua. Siku moja bandeji ilinasa, akaniomba nimsaidie kuibandua kwa maji ya uvuguvugu. Tulichukua nusu saa. Aliuliza likoje, nikamwambia limenyooka, kama mshono wa fundi mzuri. Akacheka hadi akashika ubavu. Baadaye alijishonea titi la kitambaa, ndani kaweka mtama kidogo ili liwe na uzito, na huwa analitafuta kila asubuhi kwa sababu mtoto analichezea.

Na mimi niliyechoka?

Lala mchana Jumapili, mtu mwingine ashike nyumba. Usiseme huna muda. Utaanguka ukiwa umebeba ndoo. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, asiwe mgonjwa wako. Wangu alikuwa fundi viatu wa pale kituoni ambaye mkewe alitibiwa kabla ya wangu. Hakuwa na ushauri wowote. Alinivutia kigoda, akaendelea kushona.

Mtoto mdogo anang'ang'ania kubebwa na mama. Tunamzuia vipi?

Msimzuie. Mtandikeni mama mkeka ukutani, mto kwapani upande wa kidonda, aketi. Mtoto aje mwenyewe kutoka upande mwingine, apande pajani. Wetu alijifunza kwa siku mbili. Alikuwa anafika mbele ya mkeka anasimama, ananyoosha kidole, anauliza: "Huku?" Mama yake anajibu huku, naye anazunguka na kanga yake.